Somo wa Kristiana

Mwalimu Tuntufye alisema neno moja, darasa zima likasikia jingine. Alikuwa amesimama mbele ya mlango mkuukuu uliopakwa mkaa, maana ubao wenyewe ulikuwa haujafika kutoka mjini, akasema, "Jumatano kila mmoja aje akiwa amechagua somo lake. Atasimama aeleze. Mtu asije akasema hakuambiwa."

Yeye alikuwa na maana ya kawaida tu. Katika kisomo cha watu wazima kulikuwa na somo la kilimo bora, somo la afya, somo la siasa na somo la upishi, na wakubwa wa elimu walitaka kila mwanafunzi ashike moja. Lakini Tuntufye alikuwa mtu wa Mbeya, amelelewa katika kanisa la Moravian, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa Wakatoliki wa Ufipa somo ni mtu. Ni mtakatifu unayepewa jina lake siku ya ubatizo ili akusimamie, umwige, umlilie shida zako. Hachaguliwi kila siku. Kwa hiyo wanafunzi wake, watu wazima kumi na kitu wa kijiji kipya cha Mlenje, walirudi nyumbani wakiwa na furaha kwamba serikali imekubali sasa mtu mzima ajichagulie.

Jumatano Fransiska alisimama wa kwanza. Alikuwa mama wa kujiamini, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Somo wangu ni Fransisko wa Asizi," alisema. "Nilipewa utotoni na sitaki kumbadilisha. Alikuwa tajiri, akavua nguo zote mbele ya watu akamrudishia baba yake. Alizungumza na ndege."

Mwalimu alishika chaki, akafikiri kidogo. "Tuseme ufugaji wa kuku," alisema, akaandika.

Akafuata mzee Urbano, aliyekuja darasani na blanketi lake kwa sababu ya upepo. "Mimi somo wangu ni Urbano. Alikuwa papa."

"Papa," mwalimu alisema polepole. "Uvuvi, basi."

Watu walitazamana. Kristiana, aliyekuwa amekaa karibu na ukuta, aliona kuna kitu hakiendi sawa, lakini zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa amefikiri siku mbili nzima. Somo aliyepewa utotoni alikuwa Mtakatifu Kristina, aliyetupwa ziwani na jiwe shingoni asizame. Hayo yalikuwa mambo makubwa na Kristiana aliyaheshimu. Ila hayakumsaidia mtu mwenye mume aliyekaa chini na nyumba isiyo na paa.

"Mimi nimechagua mama mmoja," alisema. "Anauza vitenge pale soko la Sumbawanga, upande yanakosimama mabasi ya Mbeya. Anaitwa Atuganile."

Darasa lilicheka. Fransiska aligeuka kabisa kwenye gogo lake. "Aliye hai hawi somo, mama Kornel. Huyo atakuombea kwa nani?"

"Kwa wateja," alisema mzee Urbano.

Mwalimu Tuntufye aliweka chaki chini. "Ana mwanya?"

"Anao."

"Na kilemba cha kijani?"

"Cha kijani, mwalimu."

"Huyo ni mke wangu," alisema Tuntufye, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wanangoja kuona kama amekasirika. Hakukasirika. Aliomba aelezwe taratibu neno somo lina maana gani kwao, akaelezwa na watu sita kwa pamoja, akachukua kitambaa akafuta uvuvi na kuku. Halafu akamwuliza Kristiana ni kitu gani hasa alichokiona kwa mke wake, kwa maana yeye ameishi naye miaka na hajawahi kukiona.

Kristiana alisema alimwona siku moja mwezi wa nane. Alikuja bwana mmoja wa tai, akashika kitenge, akakisema vibaya, akataka apunguziwe, akataja na ofisi anayofanya kazi. Atuganile hakupandisha sauti. Alisema, "Kitambaa ni hiki na bei ni hiyo. Ukiondoka, kitambaa kitabaki." Yule bwana akaondoka. Akafika karibu na mabasi. Akarudi, akalipa.

"Mimi," Kristiana alisema, "sijawahi kusema neno mtu akarudi."

*

Walipoambiwa wahamie Mlenje, Alois, mume wa Kristiana, aliagizwa ashushe paa la nyumba yake mwenyewe, ili boriti zipakiwe kwenye lori. Katika upande ule wa nyanda za juu hapakuwa na mwezekaji aliyemshinda. Watu walimwita kutoka mbali, na paa la nyumba yake lilikuwa limekaa miaka tisa bila kuvuja. Alipanda akalishusha, mganda kwa mganda, mchana mmoja. Aliposhuka alikaa juu ya jiwe, na ni kama hakuinuka tena.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alienda shamba la kijiji kwa zamu yake, alilima, alirudi. Kuta za nyumba mpya zilijengwa na vikosi vya wanakijiji, boriti na fito zikapandishwa na vikosi hivyo hivyo. Kuezeka kuliachiwa mwenye nyumba. Nyasi zilikuwepo, rundo kubwa, zilizokatwa na Kristiana na binti zake. Alois alizizunguka kila asubuhi kama mtu anayezunguka ng'ombe wa jirani. Yeye na mkewe walilala kwenye kibanda cha majani cha kuingia kwa kuchutama, na binti zao wawili walilala kwa Fransiska, ambaye hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo isipokuwa kila siku.

Jioni ya Jumatano ile Kristiana alipika ugali wa ulezi na maharage, akamnawisha mume wake mikono, akakaa. Alimwita Atuganile kichwani. Akajinyoosha mgongo.

"Baba Kornel," alisema bila kupandisha sauti. "Nyasi ni hizi, na nyumba ni ile. Ukiondoka, nyumba itabaki."

Alois alimega tonge, akalitafuna. "Niende wapi?"

"Nasema ukiondoka."

"Siondoki. Nimekaa."

Kristiana alingoja. Aliona palipo na tatizo: yule bwana wa tai alikuwa na miguu ya kuondokea, na aliyekaa tayari hana pa kurudi. Akajaribu mwingine. Mama mkwe wake, marehemu, alikuwa mtu pekee aliyewahi kumfanyisha Alois jambo asilolitaka. Alikuwa na namna yake ya kuanza kwa kuvuta pumzi puani.

Kristiana akavuta pumzi puani. "Wewe Aloisi, mtoto niliyembeba mgongoni, unataka nione haya gani kabla sijafa?"

Alois aliacha kula. Alimtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. "Umepata homa?"

"Hapana."

"Kesho upite zahanati," alisema kwa upole, akamsogezea maharage yaliyobaki.

Kesho yake kabla ya kazi alikuja mwenyekiti wa kijiji, Dominiko, ameshika fimbo yake ya kupimia viwanja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijiji kizima cha kukionyesha kwa wakubwa wakija, na nyumba moja katikati ya mstari ilikuwa wazi kama mdomo ulioachama.

"Shemeji," alimwambia Kristiana, ingawa maneno yalikuwa ya Alois na Alois alikuwa anasikia. "Wiki ijayo linakuja lori na watu wa bondeni. Mvua nayo haingoji. Nyumba isiyo na paa sitaiita nyumba. Nitaiita kuta, na kuta ni za kijiji. Nitampa mwenye kuezeka."

"Na sisi?"

"Kuna nafasi ghalani. Mtakaa na wengine huko mpaka kiangazi."

Ghala lilikuwa moja, lenye magunia ya mahindi na familia nne zilizotenganishwa kwa mikeka. Kristiana aliwahi kuingia mle. Aliona mama mmoja akimvalisha mwanawe huku akiombwa na wanaume wasiomhusu asogee wapite.

"Baba Kornel, umesikia," alisema Dominiko alipokuwa anaondoka.

"Nimesikia," alisema Alois. "Nyumba yangu niliijenga. Mkiitaka nendeni mkaitafute kule mlikoiacha."

*

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Tuntufye aliingia kijijini na baiskeli, na nyuma ya baiskeli alikuwa amekaa kilemba cha kijani. Kristiana alipowaona alitamani ardhi impokee. Hakuwa na kiti. Alikimbia kwa Fransiska kuazima kigoda, na Fransiska akaja nacho mwenyewe ili kisipotee, akakaa kwenye kingine alichokuja nacho pia.

Mahali pa heshima palikuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo mgeni aliingizwa ndani ya nyumba. Akakaa katikati ya kuta nne. Upepo ulipita juu ya vichwa vyao na mawingu yalikuwa yanaonekana kati ya fito. Alois alisalimia vizuri, akasema, "Karibu, mama. Nyumba ndiyo hii, mbingu ndiyo ile," akatoka na mwalimu kwenda kutazama shamba la kijiji.

Atuganile alipokea uji, akaushukuru, akacheka kwa mwanya wake. "Bwana Tuntufye ananiambia mimi ni mtakatifu tangu Jumatano. Nimekuja nimwone aliyenitangaza. Huko nyumbani Kizwite nikimwomba achote maji ananiambia nifanye muujiza."

Kristiana alitazama chini. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwa amesafiri, alimweleza yote: bwana wa tai, kitambaa kitabaki, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa anamwita kichwani kila anapobanwa.

Atuganile aliweka bakuli chini. "Yule wa tai namkumbuka. Mwenzangu, nilikuwa nimeshika mguu wa meza nisikimbie. Alivyoondoka nilijilaumu nusu nilie. Aliporudi nilitaka kumpa bure."

"Lakini ile sauti."

"Si yangu. Ni ya shangazi yangu, Ndimyake. Aliuza ndizi Tukuyu, na mimi nilikaa nyuma yake utoto wangu wote, nikimtazama mgongo. Mteja akinitisha, natoa shangazi kama mtu anayetoa mwavuli."

"Yeye anajua?" Fransiska aliuliza.

"Hajui. Akijua atanidai."

Kristiana alicheka na hao wengine, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Alijiona kama mtu aliyebeba mtungi kutoka mbali akakuta ndani hamna kitu. Mgeni aliona.

"Umesikitika."

"Nilitaka uniambie cha kumfanya mume wangu."

"Mimi najua vitenge," alisema Atuganile. "Shangazi alijua ndizi. Ukimpeleka shangazi kwenye nyumba atakwambia habari za ndizi tu, si kwa ubaya." Alitazama juu, fito zilizo wazi. "Huku kwenu nani anaezeka vizuri? Si mkamwombe?"

"Huyo huyo aliyetoka," alisema Fransiska. "Ndiyo shida yenyewe."

Matone machache ya mvua yalidondoka ndani ya nyumba, yakalowesha kilemba cha kijani, yakakoma. Wanawake watatu hawakusogea, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusogelea. Fransiska peke yake alisema, "Aibu gani hii," na alisema kwa huruma, jambo lililoumiza zaidi.

Kristiana hakumsikia sana. Alikuwa anamkumbuka kijana mmoja juu ya paa, miaka tisa nyuma, na yeye akiwa chini na tumbo la binti yao wa kwanza, akimrushia miganda ya nyasi.

*

Jumanne, zamu yao haikuwa ya shamba. Kristiana alivaa suruali ya zamani ya mwanawe mkubwa Kornel, aliyekuwa shule ya bweni, chini ya gauni, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Alois alikuwa kwenye jiwe alilojipatia huku Mlenje akinoa jembe. Hakuinua kichwa mpaka aliposikia fito zikilalamika.

Kristiana hakuwa na ufundi wowote. Alichokuwa nacho ni macho. Alishika kamba ya magome kwa meno, kama alivyoona. Alichukua mganda wa nyasi, akaupiga pajani utoe makapi, kama alivyoona. Alianzia kwenye pembe, chini kabisa, akaulaza, akaukanyaga kwa goti, akaufunga kwenye ufito, akautukana. "Kaa hapo. Nani kakuita?"

Jembe liliacha kunolewa.

Mganda wa pili aliupigia mluzi. Ulikuwa wimbo wa kanisani ambao Alois alikuwa anaukosea mahali palepale miaka yote, na Kristiana akaukosea mahali palepale.

Watu walianza kusimama njiani. Mwanamke juu ya paa halikuwa jambo la kila siku, na mwanamke juu ya paa ndani ya suruali lilikuwa jambo la kuita wengine. Mtu alisema Mlenje sasa imepata mnara. Mwingine aliuliza kama ndiyo hayo wanayofundishwa kisomo. Mzee Urbano alijifunika blanketi lake vizuri akatafuta pa kukaa.

Kristiana alisikia yote. Kila miganda mitatu mmoja ulimponyoka ukateleza mpaka chini. Alishuka kuufuata, akapanda tena. Alipoufuata wa tano, Alois alikuwa amesimama.

"Sivyo," alisema.

"Ndivyo ulivyokuwa unafanya."

"Sikuwahi kupiga nyasi paja la kushoto."

"Ulipiga la kushoto. Nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa umesimama mbele yangu," Alois alisema. "Kushoto kwako ni kulia kwangu. Ndiyo maana fundo lako linafunguka. Umelifunga kinyume."

Kristiana alitafakari hilo, mkono ukiwa kwenye ngazi. "Basi umelijibu," alisema, akapanda tena, akafunga kwa mkono mwingine, na mganda haukuteleza.

Alois aliokota ule ulioanguka. Aliukung'uta, akaukata kidogo mwisho kwa panga uwe sawa, akasimama nao. Ilikuwa kama hajui aufanye nini. Halafu akaurusha. Ulikwenda juu umenyooka, ukatua kwenye mikono ya mkewe kama umepewa.

Wakafanya hivyo asubuhi yote. Alois alirusha, Kristiana akapokea. "Ubane," alisema Alois, na, "Usiuonee huruma," na mara moja, "Hapo sawa." Alipoanza kupiga mluzi mwenyewe hakujitambua. Watazamaji walipungua, kwa sababu kazi inayokwenda haichekeshi.

Dominiko alikuja jua likiwa limepanda, na fimbo yake. Alitazama juu, akatazama chini, akakohoa.

"Baba Kornel. Kweli kabisa, mwanamke juu ya paa? Wakubwa wakipita?"

Alois hakuacha kufunga mganda. "Fundi anafanya kazi, mwenyekiti. Ukimsemesha anaharibu."

"Fundi yupi?"

"Huyo huyo. Ondoka kwenye nyasi, unazikanyaga."

Dominiko aliondoka kwenye nyasi. Alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, halafu kwa fimbo yake akamsogezea Alois mganda mmoja uliokuwa mbali, akaenda zake.

Alasiri, mawingu ya bondeni yakiwa meusi, Kristiana alifika juu kabisa, mahali pande mbili za paa zinapokutana. Alikaa pale amepanua miguu, upepo ukimjaza gauni. Pande zote mbili zilikuwa zimefunikwa. Katikati palibaki mwanya mrefu, upana wa kiganja, na kupitia mwanya huo aliona sakafu ya nyumba yake chini, ikiwa bado na madoa ya matone ya Jumapili.

Alishika mganda. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Akajaribu kukumbuka, akakuta hapana kitu. Akainama.

"Baba Kornel."

"Naam."

"Hapa ulifanyaje?"

"Hapo wapi?"

"Hapa mgongoni mwa paa. Ulipofika hapa uliniambia nirudi nyuma nisiangukiwe. Mimi nilikuwa chini. Sikuona."

Alois alifungua mdomo aeleze, akainua mikono miwili akaonyesha hewani kitu kinachokunjwa na kupindwa, akaona mwenyewe kwamba hakielezeki. Akashusha mikono. Radi ililia mbali, upande wa ziwa Rukwa.

Akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe. Akapanda ngazi taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe, na katikati alisimama, mkono ukiwa juu ya nyasi. Aliusogeza mkono ule kwenye mistari ya mkewe. Alishika mganda mmoja, akauvuta. Haukutoka. Alivuta mwingine, nao haukutoka.

"Sogea," alisema alipofika juu.

Kristiana alirudisha kamba menoni akasogea, ila hakushuka. Alisogea upana wa mtu mmoja tu, akageuka ili safari hii akae upande mmoja naye, aone kama anavyoona yeye.

"Kamba," alisema Alois.

Kristiana aliitoa mdomoni mwake akampa, imelowa mate, na Alois akaibana kwa meno yake.